Pumua Nikusikie, Shemeji

KITSAO: Haloo? Nani huyo?

MAPENZI: Haloo. Shikamoo, mume wangu wa bure.

KITSAO: Nani? Sauti inakatika. [mkwaruzo] Kama wewe ni wale wa kuniambia nimeshinda zawadi, mimi zawadi sitaki. Mpelekee mheshimiwa mbunge, yeye ndiye hashibi.

MAPENZI: Ni Mapenzi, Kitsao. Mapenzi wa huku Shika Adabu, ng'ambo ya feri. Ndugu wa mkeo.

KITSAO: Aa. Marahaba, mke mdogo. Mbona nambari ngeni?

MAPENZI: Simu ya jirani. Yangu haina kredit. Umeamkaje?

KITSAO: Salama. Salama salimini. Niko hapa kitandani, nimejifunika.

MAPENZI: Kitandani.

KITSAO: Shuka mpaka shingoni. Kipupwe hiki, mtu atoke aende wapi?

[honi ya lori]

MAPENZI: Na hiyo je?

KITSAO: Redio.

MAPENZI: Redio yako inapiga honi.

KITSAO: Tangazo la malori. Siku hizi wanatangaza kila kitu isipokuwa bei ya unga kushuka.

MAPENZI: Na upepo huo unaovuma?

KITSAO: Dirisha. Nilimwambia mwenye nyumba tangu—

MAPENZI: Nyumba si yako mwenyewe?

KITSAO: Ndiyo maana hajalitengeneza.

MAPENZI: Kitsao.

KITSAO: Naam.

MAPENZI: Uko juu ya baisikeli.

KITSAO: Siko juu yake. Nimesimama kando yake.

MAPENZI: Na kapu la mahamri nyuma.

KITSAO: Mbele. Siku hizi nalifunga mbele, kwenye usukani. Mvuke wa mahamri unanipiga usoni, napata joto. Hilo sikufundishwa na mtu.

MAPENZI: Kwa hivyo watu wa Utange wanakunywa chai na pumzi zako.

KITSAO: Kuna leso juu. Mimi navuta tu, sipulizi.

MAPENZI: Ehee. Sasa nisikilize kabla huyu jirani hajaamka kudai simu yake. Sarah alinipigia jana.

KITSAO: Najua.

MAPENZI: Hujui nilichoambiwa.

KITSAO: Najua. Leo mumewe, Lenox, anakuja na pikapu ya kazini kwao kuchukua baisikeli yangu. Ataipeleka Changamwe, aifunge mnyororo kwenye ngazi za ploti wanayopanga, na mimi nitakaa Utange nitazame kuku. Binti yangu mwenyewe. Nilimsomesha kwa baisikeli hii hii.

MAPENZI: Alilia, shemeji. Tinga fundi cherehani alimwambia ulianguka kwenye benchi ya kibanda chake, midomo imekuwa ya buluu, huwezi kutaja hata jina lako.

KITSAO: Tinga ana mdomo kama mfereji uliovunjika. Sikuanguka. Niliketi.

MAPENZI: Uliketi chini ya benchi.

KITSAO: Benchi ilikuwa na maji.

MAPENZI: Haya. Sasa hilo usilolijua ni hili. Nimemwambia Sarah, huyo ni mume wa dada yangu, na mimi ndiye mama mdogo hapa. Baisikeli ya baba hainyakuliwi kama ya mwizi. Kwanza mimi nitamsikiliza kifua chake kwa masikio yangu. Nikisema kizima, Lenox asitie gari moto. Nikisema kibovu, aje achukue, na wewe hutasema neno. Sarah amekubali.

KITSAO: Na Lenox?

MAPENZI: Lenox anangoja simu yangu. Yuko na kiatu kimoja mguuni.

KITSAO: Huyo ndiye hasa anayeniudhi. Ati Mombasa hakuna baridi. Unajua aliniambia hivyo? Ameketi sebuleni kwangu na fulana ya mikono mifupi, mimi nimevaa sweta na kabuti, ananicheka. "Mzee, kwetu Kitale asubuhi maji yanakata vidole, hapa mnatetemeka kwa nini?" Kwa hivyo kama si baridi inayonibana, ni nini? Ni uzee. Ndipo alipotaka kufika.

MAPENZI: Kitale ni Kitale.

KITSAO: Yeye kazaliwa kwenye baridi, kifua chake kimeota manyoya ndani. Mimi nimekaa kwenye jua miaka yote, Julai moja inakuja na manyunyu na upepo wa kusi, ikinikuta barabarani nafanyaje?

MAPENZI: Inakufanyaje? Niambie kweli.

KITSAO: Basi nikwambie. Kupanda si shida. Kile kilima cha kutoka huku kwetu napanda polepole, mwili unapata moto. Shida ni kuteremka. Baisikeli inakimbia yenyewe, upepo unakuja wote mzima, pua imeziba, mtu unafungua mdomo. Ile hewa inashuka baridi mpaka kwenye mbavu. Kifua kinajifunga kama duka la Mwembe Tayari saa ya swala ya Ijumaa. Unabisha hodi, hakuna mtu. Halafu ukisimama, ukisema sasa nipumzike, ndiyo kwanza filimbi inaanza.

MAPENZI: Kwa hivyo kinapiga filimbi.

KITSAO: Sikusema kifua. Nilisema filimbi.

MAPENZI: Ya nani, ya refa?

KITSAO: Mapenzi, wewe unanitega.

MAPENZI: Ndiyo kazi niliyopewa. Haya, weka simu mdomoni. Pumua nikusikie.

KITSAO: Sasa hivi?

MAPENZI: Saa hii ndiyo kifua kinasema kweli. Saa saba mchana kila mtu ni mzima. Pumua.

KITSAO: [anavuta pumzi, mluzi mwembamba]

MAPENZI: Hiyo nini?

KITSAO: Mtandao.

MAPENZI: Mtandao unapanda na kushuka?

KITSAO: Ndio wa huku. Mnara waliusimamisha siku ya kampeni, wakakata utepe, wakala pilau, hawajarudi tena. Unapiga mluzi hivyo hivyo kutwa.

MAPENZI: Usipumue kidogo.

KITSAO: Eh?

MAPENZI: Bana pumzi nisikie huo mtandao peke yake.

[kimya kabisa]

MAPENZI: Mtandao umepona.

KITSAO: [anakohoa] Unakuja na kwenda. Ni kama wenyewe waliousimamisha. Mapenzi, ngoja. Ngoja kidogo, usikate. Nipe nafasi niweke baisikeli vizuri, halafu nikupumulie sawasawa, maana hapa nimejipinda.

MAPENZI: Jinyooshe. Nangoja.

KITSAO: [kwa kunong'ona, mbali na simu] We Ngumbao. Acha mkokoteni. Njoo hapa upesi. Hamri utapata. Shika hii, weka hapa mdomoni, upumue. Usiseme kitu. Pumua tu, kama mtu aliyelala. Eeh. Ndefu.

[pumzi nzito, safi, ndefu]

MAPENZI: Lo. Kitsao?

NGUMBAO: Mm.

MAPENZI: Hebu tena.

[pumzi nyingine, ndefu zaidi]

MAPENZI: Mashallah, kama ningekuwa nakanyaga kanisani ningesema ni muujiza. Kifua kimefunguka chote. Unasikia raha?

NGUMBAO: Mm.

MAPENZI: Basi bado kimoja tu tumalize. Ule mwito wako wa biashara. Upige kwa pumzi moja, mpaka mwisho, kama unavyouza kila siku. Ukifika mwisho bila kukatika, nampigia Lenox avue hicho kiatu.

NGUMBAO: Ule wa kila siku?

MAPENZI: Ule ule.

NGUMBAO: Majiiii! Maji ya kisimaaa, maji matamuuu, leta mtungiii!

[kimya]

MAPENZI: Kitsao.

KITSAO: [karibu na simu] Naam.

MAPENZI: Mahamri yako yametoka kisimani?

KITSAO: Huyu kijana hana akili. Nilimwambia asiseme kitu. [mbali na simu] Nenda zako, Ngumbao. Hakuna hamri. Haya chukua, moja tu. Moja nimesema.

MAPENZI: Unanipa pumzi ya kuazima. Mimi, niliyekushika mkono mpaka nyumbani siku ya mahari ulipolewa.

KITSAO: Sikulewa. Nilichoka.

MAPENZI: Ulichoka ukawaimbia mbuzi. Sasa utapiga mwito wewe mwenyewe.

KITSAO: Mapenzi, watu bado wamelala.

MAPENZI: Unauzia nani kama wamelala?

KITSAO: Baridi ni kali kwa sasa. Ngoja jua litoke nikupigie mwito mpaka ulie.

MAPENZI: Piga sasa au nampigia Lenox.

KITSAO: Nyinyi mnanionea. Nilienda zahanati, mnajua? Nikapanga foleni na watoto wa kamasi. Nikaambiwa dawa ya kuvuta imekwisha, rudi mwezi ujao. Mwezi ujao nikarudi, dawa imekuja, daktari ndiye amekwisha. Yuko mgomoni. Wakubwa wakikohoa wanapandishwa ndege. Mimi nikikohoa nanyang'anywa baisikeli. Hakuna anayemwambia mkubwa aache gari.

MAPENZI: Umemaliza?

KITSAO: Sijamaliza. Taa za barabara hazijawaka, kwa hivyo gizani siyaoni mashimo, kwa hivyo naendesha mdomo wazi kwa hofu, kwa hivyo baridi inaingia. Hilo ni kosa la nani?

MAPENZI: La anayeendesha gizani. Piga mwito.

KITSAO: Nifunge leso kwanza.

MAPENZI: Leso gani?

KITSAO: Hii ya kufunikia mahamri. Nikiizungusha mdomoni na puani, hewa inapita kwenye kitambaa, inafika ndani haina makali. Kuna joto la mahamri, kuna iliki. Navuta kwa pua polepole. Siku nikiifunga tangu nyumbani, sipigi filimbi. Si uongo, muulize Nyamvula anayenikaangia mahamri.

MAPENZI: Na siku ile ya Tinga?

KITSAO: Siku ile sikuifunga.

MAPENZI: Kwa nini?

KITSAO: Vijana wa stendi ya bodaboda walinicheka. Wakasema mzee ameamua kuvaa ninja, macho tu nje. Mmoja akanisalimia, "Shikamoo mama."

MAPENZI: [anacheka]

KITSAO: Cheka tu.

MAPENZI: Si kwa ubaya. Leso yenyewe ya rangi gani?

KITSAO: Ya manjano. Ina maua mekundu.

MAPENZI: Ile ya dada Kache?

KITSAO: Ile.

[mkwaruzo]

MAPENZI: Nilidhani tuligawa leso zake zote baada ya matanga.

KITSAO: Hii niliificha chini ya unga.

MAPENZI: Haya, shemeji. Ifunge vizuri. Nangoja.

KITSAO: [sauti imefunikwa] Unanisikia?

MAPENZI: Kama mtu aliye ndani ya gunia. Piga.

KITSAO: Mahamriiii... mahamri motooo... ya nazi, ya ilikiii, amka... amka m... [kikohozi, kikohozi kirefu, mluzi]

MAPENZI: Taratibu. Usiseme.

KITSAO: ...amka mama...

MAPENZI: Acha. Nimesema acha. Keti chini. Una pa kuketi?

KITSAO: Kalvati, hapa kando ya barabara.

MAPENZI: Keti. Vuta kwa pua. Toa polepole, kama unapoza chai. Hivyo. Tena.

[pumzi, mluzi unapungua]

KITSAO: Nilikuwa nimekaribia mwisho.

MAPENZI: Nilisikia.

KITSAO: Maneno mawili tu yalibaki.

MAPENZI: Matatu. Mwito huo nimelala nao miaka. Ulikuwa ukija nao mpaka dirishani kwetu, ati unauza, kapu lenyewe tupu. Baba alikuwa anatoka na panga.

KITSAO: Kache alikuwa anasema yeye ndiye mteja.

MAPENZI: Alikuwa mwongo kama wewe.

KITSAO: Basi mpigie Lenox. Nimeshindwa. Umesikia kwa masikio yako.

MAPENZI: Sijamaliza kusikia. Nina swali moja, na hili usilijibu kwa lawama za serikali.

KITSAO: Uliza.

MAPENZI: Kwa nini usitoke saa mbili? Jua limetoka, barabara imekauka, hewa imelegea. Hutapiga filimbi wala nini.

KITSAO: Mahamri ya saa mbili ni ya nani? Watu wanakunywa chai alfajiri.

MAPENZI: Wa viwandani wanakunywa alfajiri. Wewe wateja wako ni shule na fundi cherehani. Shule wanatoka chai saa nne. Tinga mwenyewe anafungua saa mbili na nusu, ndiyo maana unamngojea kwenye benchi yenye maji.

KITSAO: Nani kakwambia?

MAPENZI: Nyamvula. Anasema unamgongea mlango hata unga hajaukanda. Anaamka kwa ajili yako, mama wa watu, macho hayafunguki, anakaanga huku analala. Wewe umesimama hapo na kengele, kring, kring.

KITSAO: Unga ukikandwa mapema unaumuka vizuri.

MAPENZI: Kitsao.

KITSAO: Na baadaye malori yanakuwa mengi. Moshi ule wa—

MAPENZI: Nimesema usilijibu na serikali.

KITSAO: Malori si serikali.

MAPENZI: Shemeji.

[kimya kirefu, mkwaruzo]

MAPENZI: Upo?

KITSAO: Nipo.

MAPENZI: Nilidhani umekata.

KITSAO: Saa ile ndiyo dada yako alikuwa anaamka. Unajua. Alikuwa ananisukuma na goti, "Washa moto, wewe." Nikijifanya nimelala, ananimwagia unga usoni. Sasa macho yanafunguka yenyewe saa ile ile. Hakuna goti. [anakohoa] Kwa hivyo natoka.

MAPENZI: Hata kwenye mvua.

KITSAO: Mvua ina afadhali. Inapiga kelele.

MAPENZI: Sarah unamwambia nini?

KITSAO: Namwambia biashara.

MAPENZI: Haya. Haya basi. Nimesikia kifua.

KITSAO: Na?

MAPENZI: Ni kibovu.

KITSAO: Nilijua.

MAPENZI: Nyamaza, sijamaliza hukumu. Ni kibovu gizani, ni kizima juani. Kwa hivyo nitamwambia Sarah baisikeli ibaki Utange, Lenox akanywe chai yake. Lakini kuna sharti.

KITSAO: Leso. Nitaifunga, vijana wacheke mpaka wachoke.

MAPENZI: Leso utaifunga, hilo si sharti, hilo ni akili. Sharti ni hili. Macho yakifunguka saa ile, hutoki. Hushiki usukani. Unashika simu. Unanipigia mimi.

KITSAO: Wewe? Saa hiyo?

MAPENZI: Unadhani mimi nalala? Nami nina kitanda kipana hapa. Tangu mume wangu Kiponda aende, nahesabu miluzi ya feri mpaka kuche.

KITSAO: Hukuwahi kusema.

MAPENZI: Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unashughulika na mheshimiwa.

KITSAO: Tutaongea nini kila siku?

MAPENZI: Utalalamika. Una mambo ya mwaka mzima hapo. Leo zahanati, kesho taa, kesho kutwa mnara. Mimi nitakujibu vibaya. Jua likitoka unafunga leso, unakwenda kwa Nyamvula kama binadamu, unapanda baisikeli pole pole mpaka mwili upate moto, na ukiteremka unashika breki. Siku simu isipolia, nampigia Lenox kabla jogoo hajanyamaza.

KITSAO: Hiyo ni hukumu au ni kifungo?

MAPENZI: Chagua.

KITSAO: Na kredit itakuwa ya nani?

MAPENZI: Yako, mwanamume. Sisi tunapigiwa.

KITSAO: Watu watasema.

MAPENZI: Watasema nini?

KITSAO: Wewe unajua watakachosema. Mjane na mgane, alfajiri, kwenye simu.

MAPENZI: Waseme. Si utani wetu? Mimi nimekuwa mkeo wa bure tangu nina meno ya utoto, na hujaninunulia hata kanga ya upande mmoja. [mlio wa simu] Umesikia? Hiyo kredit inaisha. Huyu jirani ataniua.

KITSAO: Mwambie ni kosa la kampuni.

MAPENZI: Jua limetoka huko?

KITSAO: Linachungulia. Kuna wingu.

MAPENZI: Kuchungulia si kutoka. Usiondoke hapo kwenye kalvati.

KITSAO: Mahamri yatapoa, Mapenzi.

MAPENZI: Yapoe. Umekula wewe?

KITSAO: Mimi?

MAPENZI: Kuna mtu mwingine hapo? Umetia kitu tumboni tangu jana?

KITSAO: Nitakula nikirudi.

MAPENZI: Toa moja.

KITSAO: Ni ya kuuza.

MAPENZI: Toa moja, Kitsao. Teremsha leso, ule. Nakusikia.

[mkwaruzo, karatasi, kutafuna]

MAPENZI: Tamu?

KITSAO: Nyamvula anatia iliki kidogo mno.

MAPENZI: Kesho umwambie.

KITSAO: Kesho nitakwambia wewe kwanza. [mlio wa simu] Saa ile ile, sivyo? Mapenzi? Usiwe ume—

MAPENZI: Niko macho. Malizia hiyo ham—

[simu imekatika]